Fundi kaniharibia paa: nimshitaki vipi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chanika, Dar es Salaam. Agosti mwaka jana nilimpa fundi kazi ya kuezua mabati ya zamani na kunipaulia upya, paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta. Tulikubaliana kwa mdomo hela ya ufundi iwe shilingi 3,500,000. Vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia kwenye daftari, vikanigharimu 6,400,000. Nimeshamlipa 2,800,000 kwa simu, kwa awamu nne. Mvua ya kwanza ya vuli maji yakamwagika sebuleni kama hakuna paa. Dari la jipsamu la vyumba viwili limeanguka na televisheni ya 600,000 imekufa. Fundi amekuja mara mbili, kapakapaka lami, ikinyesha hali ni ileile. Sasa hapokei simu. Jirani ananiambia niende polisi akamatwe. Kaka yangu anasema bila mkataba wa maandishi sina kesi. Mimi nataka anirudishie hela ya ufundi, hela ya vifaa, televisheni, na milioni 5 za usumbufu, jumla karibu milioni 15. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na jambo lenye haraka kuliko mahakama: usimruhusu fundi mwingine apande kurekebisha chochote juu ya paa hilo mpaka umalize kusoma jibu hili. Najua mvua ikianza usiku mnaamka kuhamisha magodoro. Lakini paa hilo lilivyo leo, na ubovu wake wote, ndilo shahidi wako mkubwa. Bati la kwanza likishang'olewa, shahidi huyo anaanza kusahau.

Niliwahi kumsimamia mzee mmoja wa Kimara aliyewekewa vigae vya bafuni vikabanduka kabla ya miezi mitatu kuisha. Kwa hasira akavunja vyote, akaita fundi mwingine, akapata bafu zuri, ndipo akaja ofisini kwangu. Mkononi tulikuwa na risiti za bafu jipya tu. Fundi wa kwanza akasimama mbele ya hakimu akasema kazi yake ilikuwa nzima, mzee alibadilisha vigae kwa kupenda rangi nyingine. Hatukuwa na picha hata moja ya kumjibu. Kesi ile inaniuma mpaka leo, kwa sababu mzee alikuwa na haki yake.

Sasa nimjibu kaka yako. Amekosea, ingawa hayuko peke yake. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayatambua makubaliano kuwa mkataba pale watu wenye uwezo wa kufunga mkataba wanapokubaliana kwa hiari yao, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Maandishi yanadaiwa kwenye mikataba ya aina fulani, kama kuuziana ardhi. Kumpa fundi kazi ya kupaua hakumo humo. Kwa hiyo mkataba unao, na kazi iliyobaki ni kumwonyesha hakimu kwamba ulikuwepo na ulisema nini.

Na vielelezo unavyo vingi kuliko unavyodhani. Lile daftari ni dhahabu. Ukurasa alioandika kwa mkono wake idadi ya mabati, mbao za 2 kwa 4, papi, misumari na lami unaonyesha kwamba ndiye aliyepanga kazi, na kwamba wewe ulinunua alichokuagiza. Usiuchane ukurasa huo, lipeleke daftari zima. Malipo ya simu nayo ni ushahidi, ila usitegemee meseji zilizobaki kwenye simu yako. Nenda duka la kampuni yako ya simu, omba taarifa ya miamala kuanzia Agosti, iwe na muhuri wao. Hapo utapata na jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: jina. Mafundi wetu wengi tunawajua kwa majina ya mtaani, na mahakama haiwezi kumwita shaurini mtu anayeitwa "Fundi Mrefu". Jina lililotokea ulipomtumia hela ni la aliyesajili laini. Kama laini ni ya mke au ndugu yake, uliza mapema kwa mjumbe wa mtaa anakoishi jina lake kamili ni lipi.

Kuhusu mazungumzo ya WhatsApp, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko katika umbo la kielektroniki. Mahakama itakachopima ni kama unaaminika: umetunzwaje, kuna aliyeuchezea? Basi usifute chochote, hata ujumbe ambao wewe mwenyewe ulimtukana. Mazungumzo yenye mapengo yanatia shaka kuliko yenye matusi. Yachapishe kwenye karatasi, na simu yenyewe uende nayo siku ya kesi. Tafuta hasa ujumbe wa baada ya mvua. Kama kuna mahali amesema "mama nisamehe, Jumamosi nakuja kulirekebisha gata" (yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa), hapo amekiri kwa kinywa chake kwamba kazi ilikuwa na kasoro.

Turudi juu ya paa, maana hapo ndipo kesi hii itakaposhinda au kushindwa. Chagua siku kavu. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, jirani mmoja mtu mzima, na fundi mzoefu wa kupaua ambaye si rafiki yako, na ambaye hutampa kazi ya kurekebisha. Hilo la mwisho ni muhimu. Fundi anayetarajia kupata kazi ataambiwa mahakamani kwamba alimponda mwenzake ili apate ulaji. Akiwa na cheti cha VETA ni bora zaidi, na kama mfuko unaruhusu mhandisi aliyesajiliwa, ripoti yake itakuwa na uzito mkubwa. Lakini fundi mkweli anayeweza kueleza alichokiona kwa Kiswahili cha kawaida anatosha kwa dai la ukubwa wako.

Anza kurekodi video getini, utaje tarehe na waliopo, kisha mpande bila kuzima kamera. Kwenye mapaa ya kuficha mimi huangalia kwanza gata. Mwageni ndoo ya lita 20 upande ulio mbali na bomba la kutolea maji, mtulie mtazame. Kwenye gata lililopangwa sawasawa maji yanakimbilia bombani. Kwenye lililoharibiwa utayaona yanasimama katikati, yanajaa polepole, halafu yanaanza kurudi nyuma kuelekea ukutani na kuzama kwenye ile kona bati linapokutana na plasta. Hapo wekeni pima maji juu ya gata. Kile kiputo kitasema chenyewe mwinamo unaelekea wapi, na hakuna wakili wa kukibishia. Kisha tazameni misumari. Kwenye bati la migongo msumari unapigwa mgongoni, maana maji hupita bondeni. Ukiukuta bondeni, kila tundu ni mlango wa maji. Pimeni kwa futi bati moja linapandana na jingine kwa sentimita ngapi, na futi ionekane kwenye picha.

Mkishuka, fundi huyo aandike ukurasa mmoja siku hiyohiyo: ameona nini, kuvuja kunatokana na nini, kurekebisha kunahitaji nini, na kwa bei gani. Asaini, na waliokuwepo wasaini. Nasisitiza chanzo kwa sababu mshitakiwa wako hatabisha kwamba paa linavuja. Atasema linavuja kwa kosa lako: ulinunua bati la geji 30 badala ya 28 aliyoandika, au mtu wa king'amuzi alipanda kufunga dishi akatoboa, au ulimwondoa kabla hajamaliza. Linganisha risiti zako na daftari mapema. Kama kuna kitu ulipunguza ili kubana matumizi, niambie mimi au wakili wako kabla fundi hajamwambia hakimu.

Vipande vya jipsamu vilivyoanguka viweke kwenye kiroba stoo. Televisheni ipeleke kwa fundi wa televisheni aandike kwamba imeharibiwa na maji.

Jirani yako amekushauri polisi, na najua kwa nini. Polisi inaonekana ni haraka. Lakini kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, lililo kwenye vifungu vya 301 na 302 vya Kanuni ya Adhabu, linahitaji mtu awe amekudanganya juu ya jambo lililopo au lililokwisha kupita. Angechukua hela ya mabati akasema ameshalipia dukani kumbe hajalipia, hapo tungezungumza. Mtu aliyekuja kazini, akapanda, akapiga misumari na akaharibu, anadaiwa. Si mwizi kwa sababu hiyo tu. Kituoni watakuambia hili ni la madai, na watakuwa sahihi. Wala usizuie mashine au ngazi yake kama aliiacha kwako, usije ukageuka wewe kuwa mshitakiwa.

Ujue pia kama fundi wako ni kampuni au mtu binafsi: anayefanya kazi kama mkandarasi anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na ukiwa na mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko kwa bodi yanamtisha kuliko samansi. Kwa fundi wa mtaani asiye na usajili mlango huo hautakusaidia sana.

Sasa hesabu, na hapa nitakuudhi kidogo. Milioni 15 hutapata, na ukizidai utamfanya hakimu akuone mtu wa tamaa wakati wewe ni mtu aliyeumizwa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ambayo wote wawili mlijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali kifungu hichohicho kinaikataa. Lengo ni kukuweka mahali ambapo ungekuwa kama fundi angefanya kazi yake vizuri. Kama angeifanya vizuri ungekuwa na paa zima, na ungekuwa umetumia 6,400,000 za vifaa na 3,500,000 za ufundi. Huwezi kurudishiwa hela yote na bado ukabaki na mabati, mbao na papi ambazo nyingi zinafaa.

Tuseme fundi wa ukaguzi ameandika kwamba kulivunja gata na kulipanga upya, kubadili mabati yaliyotobolewa na kupiga misumari upya ni 2,950,000, vifaa na ufundi. Dari la vyumba viwili ni 780,000. Televisheni iliyokufa usiku wa mvua ya kwanza ni 600,000, nayo inaingia, kwa kuwa maji kuharibu kilicho sebuleni ndiyo matokeo ya kawaida ya paa bovu. Ingekuwa imekufa mvua ya tatu ikiwa palepale chini ya tundu, nisingeitia. Turubai la kufunika, tuseme 120,000. Jumla ni 4,450,000. Toa 700,000 ambazo hujamlipa bado, maana yeye atazidai, na ni bora hakimu azione wewe ndiye umezitaja. Zinabaki 3,750,000. Hilo ndilo dai lako. Ni dogo kuliko ulilolitamani, lakini kila shilingi ndani yake ina karatasi. Za usumbufu unaweza kuomba mahakama ikadirie itakavyoona inafaa. Usiandike milioni 5.

Turubai nimelitaja kwa makusudi. Kifungu cha 73 kinamtaka hakimu aangalie pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza madhara. Ukikaa miezi sita unatazama maji yanaingia ili hasara iongezeke, ongezeko hilo litakuwa lako.

Kabla ya mahakama, mwandikie barua ya madai. Iwe ya ukurasa mmoja, bila matusi: mlikubaliana nini, umelipa kiasi gani, ukaguzi wa tarehe fulani umekuta nini, unadai 3,750,000 kwa mchanganuo huu, umempa siku 14. Mtumie picha yake kwa WhatsApp, na nakala ipelekwe kwake kwa mkono mbele ya mjumbe wa mtaa wake, aandike amepokea. Wengi wa mafundi hawa si watu wabaya. Alipokea kazi iliyomzidi, hela ameshaila, na aibu inamfanya asishike simu. Barua yenye hesabu humrudisha mezani mara nyingi zaidi kuliko kelele.

Akija, kaeni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti si hakimu na hawezi kumlazimisha, ila mnachokubaliana kikiandikwa na kusainiwa kina nguvu ya mkataba mpya. Usikubali maneno kama "nitarekebisha". Yaandikwe: atalipa kiasi gani, tarehe ipi, na asipolipa awamu moja deni lote linadaiwa kwa pamoja. Kurekebisha mwenyewe ameshapewa nafasi mara mbili, na mahakamani utasema hivyo. Mimi nisingempandisha mara ya tatu.

Asipojibu, nenda Mahakama ya Mwanzo, ya mahali kazi ilipofanyika au anapoishi yeye. Inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa hiyo dai lako linaingia bila tabu. Shauri unaweza kulifungua kwa maandishi au hata kwa kulieleza kwa mdomo, na ada ya kufungua si kitu cha kukurudisha nyumbani. Jambo moja la kitaalamu ulishike: eleza dai lako kama la kuvunja mkataba. Ukianza kusimulia uzembe na madhara uliyopata kana kwamba hamkuwa na makubaliano, unampa upande wa pili nafasi ya kusema mahakama hiyo haina mamlaka. Sema tulikubaliana, nililipa, hakutekeleza ipasavyo, nimepata hasara hii.

Wakili si lazima. Tangu 2021 mawakili wanaruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo pale anapokaa hakimu mkazi, lakini kwa dai la 3,750,000 ada ya wakili inaweza kuimeza robo yake au zaidi, nami nakuambia hivyo nikiwa wakili. Mahakama ile inaendeshwa kwa Kiswahili, na kwenye madai hakimu anaangalia ushahidi wa nani ni mzito zaidi. Huhitaji kuondoa kila chembe ya shaka. Ukishindwa kuhudhuria siku fulani, mahakama inaweza kumruhusu ndugu yako au mtu wa nyumbani kwako asimame badala yako, hivyo kaka yako bado ana kazi. Wapo pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako, watakusaidia kuandika bila malipo. Usiporidhika na hukumu una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Na mlango wa kudai kwa mkataba hufungwa baada ya miaka 6, kwa hiyo hujachelewa.

Usiku kabla ya kesi zipange karatasi zako kwa tarehe: daftari, risiti, miamala, mazungumzo, picha, ripoti, barua. Mashahidi wako ni fundi aliyekagua na jirani aliyepanda. Mpigie fundi huyo siku mbili kabla. Nimeona ripoti nzuri ikidhoofika kwa sababu aliyeiandika alikuwa saiti Bagamoyo siku ya kusikilizwa, na karatasi haiwezi kuulizwa maswali.

Nikuambie na upande mgumu. Kushinda na kulipwa ni safari mbili. Asipolipa utaomba mahakama ikamate mali yake iuzwe, lakini fundi anayeishi chumba cha kupanga anaweza kuwa hana cha kukamatwa zaidi ya kitanda na vitendea kazi, na sheria yetu ya mwenendo wa madai inavilinda vitendea kazi vya fundi. Chunguza kimyakimya ana nini: pikipiki, kiwanja, kazi kubwa anayoidai mahali. Kama hana kitu, na kwenye ofisi ya mtaa akaahidi kwa maandishi 2,500,000 kwa miezi mitano huku 500,000 za kwanza akiziweka mezani, mimi ningekushauri uzichukue. Najua ni chini ya haki yako. Ila kuna akina mama ninaowajua wenye hukumu za mamilioni kabatini, na nyumba zao bado zinavuja.

Masika yanaanza Machi. Ukishapata video na ripoti yenye sahihi, usisubiri hukumu ndipo ulitengeneze paa. Tafuta fundi mwingine, safari hii muandikiane, mlipe kwa hatua, na fungu la mwisho ulishikilie mpaka paa limenyeshewa mvua moja kubwa. Tunza kila risiti, hata ya kilo moja ya misumari, maana hizo ndizo zitakazochukua nafasi ya makadirio kwenye hesabu yako. Watoto wasilale chini ya turubai wakisubiri tarehe ya kesi. Barua ya madai ukiiandika, nitumie niipitie kabla hujampelekea.